Uvimbe wa Mgongoni mwa Mwalimu

Madaktari wa familia wanaokuja kwetu, kwenye chumba cha upasuaji mdogo, wanajua kushona na kupasua majipu. Wanachokuja kujifunza ni kuwafundisha wengine, na hapo ndipo wanapotaabika, maana kila mmoja anataka kumpokonya mwanafunzi kisu afanye mwenyewe. Daktari tunayemwita Mwalimu Uzi ana dawa yake: mkufunzi hukalia mikono yake miwili, afundishe kwa mdomo tu. Wiki nzima wanashona ngozi za mbuzi ninazonunua mimi, muuguzi wa chumba hiki, na Mwalimu anataka hata ngozi isemeshwe: "Mama, utasikia mchomo kidogo." Siku moja nilicheka mpaka akanitoa nje.

Yeye hacheki. Saa kumi wenzake wakikimbilia makwao, yeye hupanga mikasi ambayo nimeshaipanga. Nikimwambia, "Dokta, si uende nyumbani," hunijibu, "Kuna nini huko?" Najifanya sikusikia.

Siku ya mtihani, mgonjwa tuliyemtegemea hakutokea. Mwalimu akavua shati. Chini ya bega alikuwa na uvimbe wa mafuta, mkubwa kama limau, uliokuwa ukimnyima usingizi.

"Nikateni mimi. Ila msiruke hatua hata moja."

Aliyekuwa akitahiniwa ukufunzi ni dada mmoja mpole, daktari aliyesomeshwa na Mwalimu mwenyewe. Akakalia mikono, akamwongoza daktari mwanafunzi: jina, maradhi, dawa anazotumia. Likafika swali ambalo mgonjwa akikosa mtu wa kumtaja, hatumkati.

"Nani atakubadilishia bandeji nyumbani? Hapa mkono wako haufiki."

"Mke wangu," Mwalimu akajibu upesi.

Mwanafunzi akaandika. Mimi na yule dada tukatazamana. Mke wa Mwalimu tulimzika miaka mitatu iliyopita, sote wawili tulikuwepo. Mkono wa dada ukachomoka kuifuata kalamu, akaurudisha.

"Futa hilo," akamwambia mwanafunzi. "Muulize tena."

Akaulizwa tena. Alikuwa amelala kifudifudi, uso wake sikuuona.

"Hakuna," akasema. "Andika hakuna mtu."

Nilitaka kusema mimi nipo, nakaa mtaa wa pili tu, nitapita kila asubuhi. Nikaona haya mbele za watu. Nikafunika mkebe wa visu.

Mwalimu akainuka, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akampa yule dada alama zote. Kisha akaondoka na uvimbe wake, na mimi nikamwacha aende.