Gamba la Kasa Huko Mwakitolyo

Niliondoka Mafia kwa sababu ya ubishi. Kijiji chetu kilikuwa kinajadili kuufunga ufukwe wa Msufini msimu wa kasa kutaga, na baadhi ya wavuvi walikataa. Walidai kasa wa asili wa pale waliisha zamani. Hawa wa sasa ni wageni tu, watahamia kwingine. Mimi ni mtaalamu wa vinasaba, na nilijua swali hilo lina jibu. Kasa jike huzunguka bahari miaka mingi, lakini akitaka kutaga hurudi pande alizoanguliwa, na mwilini hubeba alama aliyorithi kwa mama yake. Nilichokosa ni kasa wa zamani wa kulinganisha. Ndipo nikasikia kuwa Mzee Shomari, mvuvi aliyehamia machimbo ya dhahabu huko bara, aliondoka na gamba la kasa wa Msufini.

Siku ya pili jioni, basi liliniteremsha Kagongwa, mji wa njiani kuelekea machimboni. Mama Neema, mfanyabiashara wa mpunga na dada wa mwenzangu wa maabara, alinipokea kwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga.

"Umetoka baharini kote huko kwa ajili ya kobe?" aliuliza.

"Kasa, mama. Kobe wa baharini. Mfupa wake utanionyesha ukoo wake."

Alicheka. "Sisi ng'ombe akipotea tunamtambua kwa alama ya sikioni. Haya, kula, kesho una safari."

Asubuhi nilifika Bugarama, kwenye machimbo nilikoelekezwa, nikamkosa Mzee Shomari. Mama lishe mmoja alinieleza kuwa duara, yaani shimo la dhahabu, alilokuwa akichimba mzee huyo lilijaa maji, akahamia Mwakitolyo. Nikageuza njia.

Mwakitolyo niliingia kesho yake, saa nane mchana. Makarasha yalikuwa yakisaga mawe kwa kelele na vumbi limewapaka watu wote rangi moja. Mzee Shomari alikuwa mlinzi kwenye karasha mojawapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lafudhi hiyo ya Mafia!" Uso ukamchangamka. Nilipotaja gamba, ukakunjamana. "Sina gamba mimi."

Kuua kasa ni kosa kisheria, na alidhani nimekuja kumkamata. Nilimwonyesha kibali changu cha utafiti, nikamwambia nahitaji unga wa mfupa usiojaza hata kijiko. Alikisoma kibali mstari kwa mstari, kisha akanipeleka chumbani kwake. Gamba lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa salfeti.

Nilivaa glavu, nikakwangua uchafu, nikatoboa mfupa wa upande wa ndani. Unga mweupe ulipokuwa ukidondokea kwenye kichupa, alianza kusema bila kuulizwa.

"Nilimkuta anataga. Wala hakukimbia. Nikamchinja palepale, mayai nikayachukua yote. Kule nilijisifu. Huku nimelala juu yake miaka yote hii." Akanitazama. "Mwanangu, niliumaliza ukoo wake?"

"Sijui bado, mzee. Nitajua."

"Ukijua, usinifiche."

Nilirudi pwani na kichupa kwenye mkoba wa shingoni. Maabarani, jaribio la kwanza halikutoa kitu. Mfupa ulikuwa umechoka. La pili lilisomeka vizuri. Alama ya kasa yule ilikuwa ileile ya majike wawili wanaotaga Msufini sasa, na hatukuwahi kuipata katika fukwe nyingine tulizopima. Haikumaanisha kuwa hao ni binti zake, ila walikuwa wa ukoo mmoja wa kukeni. Nilimpigia mzee simu siku hiyohiyo.

"Kwa hiyo wamerudi?" aliuliza.

"Hawakuwahi kwisha, mzee."

Alisogea mbali na kelele za karasha. Kisha akauliza, "Mkutano wa kijiji wa kuamua kuhusu ufukwe ni lini?"

Alikuja. Kijijini nilieleza michoro yangu, na wavuvi wakanisikiliza wamekunja mikono. Mmoja akauliza nani ana hakika kwamba gamba lile ni la Msufini. Mzee Shomari akasimama.

"Ni la Msufini. Nilimuua mimi, akiwa anataga."

Mwenyekiti akaitisha kura. Mikono ikanyooshwa, na ufukwe ukafungwa kwa msimu mzima.

Nilikwenda Mwakitolyo nikiamini mfupa utatosha. Maabara iliutambua ukoo, lakini mahali alipotaga kasa yule palijulikana na mtu mmoja tu, na kupataja kulimgharimu aibu mbele ya kijiji chake. Bila kauli yake, ningebaki na gamba lisilo na kwao.