Shosho Kizimbani

Binti yangu anasomea usanifu wa majengo, na Jumamosi ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuwatembeza wageni katika mahakama ya zamani ya hapa Birmingham. Aliomba kitu kimoja tu: shosho yake, aliyekuja kututembelea kutoka Murang'a, awepo. Nikakubali kwa niaba ya mama yangu bila kumwuliza. Ndivyo nilivyo.

Tulitoka kwetu Ladywood kwa miguu, mama amevaa koti langu juu ya sweta mbili, akilalamika kwamba jua la nchi hii ni la mapambo tu. Tukafika. Jumba lote jekundu, limejaa maua na majani ya nakshi, na malkia wao wa zamani ameketi juu ya lango utadhani anangoja chai.

"Hapa ni wapi?" mama akauliza. Nikamwambia. Akagoma pale pale. "Kortini hakuendwi matembezi. Mtu huitwa."

Nilijua kilichomkwamisha. Baba alipofariki, ndugu zake walidai shamba letu, kesi ikaenda kortini, wakasikilizwa wanaume peke yao. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mama alikuwepo, benchi la nyuma, amevaa leso mpya, na hakuna aliyemwita. Shamba likaenda. Tangu siku hiyo akiona korti huvuka barabara.

Nikamjia juu, maana mtoto alikuwa anatungoja. "Mama, mahakimu walishahama. Unaogopa ukuta?"

Kumbe binti yangu alikuwa ametufuata nje. Akamshika shosho mkono, akaeleza kwa Kiingereza chake cha siku zote, nami nikatafsiri: mapambo haya si mawe ya kuchongwa, ni udongo uliotiwa kwenye kalibu na kuchomwa. Mama akaupapasa ukuta.

"Basi ni chungu," akasema, akaingia.

Ndani kuta zina rangi ya chapati isiyoiva, na taa za kuning'inia ambazo sijui nani hupanda kuzipangusa. Binti yangu alieleza jinsi mchoraji wa jumba alivyozitenga njia, hakimu na mshtakiwa wasikutane mpaka chumba cha kesi. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, ikatulia. Nilivimba kichwa, siwadanganyi.

Kwenye chumba cha kesi akauliza nani angependa kusimama kwenye kizimba cha shahidi. Waingereza wakatazama viatu vyao. Mama akapanda.

Akashika ubao wa mbele. Akasema kwa Kiswahili yeye ni mke wa nani, na ameolewa wapi. Akasema mpaka wa shamba ulianzia mtoni, ukafuata migomba aliyoipanda kwa mikono yake, mimi nikiwa mgongoni. Nilipaswa kutafsiri lakini nililia, nikashindwa. Wageni hawakuelewa neno, ila hakuna aliyekohoa.

Alipomaliza, alibaki amesimama, akitazama kiti kitupu cha hakimu. Hakushuka. Alikuwa anangoja.

Binti yangu, ambaye tangu aanze shule nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, alisogea hadi mbele ya kile kiti. Akatafuta maneno, akayaokota moja moja.

"Shosho," akasema, "tumesikia. Shamba ni lako."

Mama akainamisha kichwa, kama wafanyavyo kortini, ndipo akashuka.