Maharage Yaliyoungua kwa Ajili ya Wapenzi wa Kifilipino

Shule niliishia darasa la tano, lakini leo nina saluni tatu hapa mtaani Hillbrow, mwulize yeyote. Mojawapo inanuka maharage yaliyoungua, maana wasusi wangu wamebandika chakula cha mchana kisha wakakodolea macho wapenzi wa tamthilia ya Kifilipino kwenye runinga.

Harufu hiyo imenichefua tangu utoto. Mama alituunguzia chakula cha siku nzima kwa ajili ya waigizaji wawili kama hao, waliopangwa kuwa wapenzi katika kila tamthilia.

“Mama, hawapendani hawa, wanalipwa tu!”

“Najua, mwanangu. Lakini ona huyu mwanamume anavyomsikiliza mwenzake mpaka amalize.”

Baba akaingia bila salamu, akaulizia chakula. Mama hakugeuka. Alikuwa akimtabasamia yule mwanamume wa kwenye runinga, nami nikaenda kuipua sufuria ya maharage yaliyokwisha kuungua.