Mkate wa Mdalasini kwa Mama Mkwe

Kwa siku tatu mama mkwe wangu aliishi kwa chai ya rangi ndani ya nyumba yangu, na mimi nikaamini kabisa kwamba ananidharau.

Alikuwa amekuja kutoka Kisesa kumhudumia mke wangu, aliyejifungua mtoto wetu wa kwanza, binti, kwa upasuaji. Daktari alisema kwa wiki sita asiinue ndoo, asiiname, asifue. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko barazani hapa hapa nyumbani Buhongwa, na wateja huanza kubisha kabla sijanawa uso. Bila mama mkwe tusingeweza. Alishuka garini na kikapu cha michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kuku wawili waliofungwa miguu, na chupa kubwa ya samli aliyoitengeneza mwenyewe. Nikamwamkia kwa mbali, nimeinamisha macho. Akaitikia marahaba huku akiutazama ukuta.

Kazi aliifanya, hilo siwezi kulikana. Alimwogesha mtoto, alifua nepi, alimkorogea mke wangu uji mzito wa kuleta maziwa. Na kupika alipika yeye, kwa nilichonunua mimi, lakini sahani yake ilirudi jikoni ilivyotoka. Siku ya pili nilitelemka mwaloni kwa wavuvi asubuhi kuchagua sato mwenyewe, mkubwa, bado anarusha mkia, nikaamini huyo hatakataliwa. Sato naye akarudi, amenyofolewa kidogo tu ubavuni. Siku ya tatu mke wangu akaniambia kwamba mama ameuliza magari ya Kisesa yanaondoka saa ngapi siku ya Jumamosi.

Hapo damu ikanichemka. Mimi ni mwepesi wa hasira, na hasira ya kunong'ona ni mbaya zaidi maana haina pa kutokea.

"Kama fundi cherehani hamtoshi, aseme," nikamwambia mke wangu pale kitandani. "Chakula changu kina nini?"

Mke wangu alianza kucheka, kisha akashika tumbo kwa sababu kucheka kulimuuma.

"Si dharau, baba. Mama anakuogopa."

"Mimi? Nimemfanya nini?"

"Hujamfanya kitu. Wewe ni mkwe wake. Hawezi kutafuna mkwe akiwa anamsikia. Nyumbani shemeji, mume wa dada, akifika, mama anafunika sufuria na kutokea mlango wa nyuma."

Mambo ya ukwe nayajua. Hata kwetu Mara, huko ziwani, mtu hakai akanyoosha miguu mbele ya mama mkwe. Ndiyo maana tangu afike nilikuwa nakula barazani, nikijiona nimemaliza heshima yote. Nilichokuwa sikijui ni habari ya dirisha. Kati ya mashine yangu na kiti anachokalia mama kuna dirisha lenye pazia tu. Mashine ikilia, anajua niko kazini, anachukua tonge. Mashine ikinyamaza, anadhani nainuka kuingia ndani, na sahani inakwenda chini ya kiti. Na fundi, kama umewahi kukaa na fundi, hunyamazisha mashine kila mara: kukata uzi, kugeuza kola, kubishana na mteja aliyenenepa na hataki kukubali.

"Mwambie sitaingia."

"Nimemwambia. Anasema nyumba ni yako, utaingia ukitaka."

Nilirudi kwenye mashine nikiwa na aibu ya kumkasirikia mtu mwenye njaa. Ilikuwa Alhamisi. Akiondoka Jumamosi, mke wangu angebaki na mimi, na mimi hata kufunga nepi nilikuwa sijui. Lakini zaidi ya hilo, sikutaka isemwe Kisesa, wala sikutaka nijue mwenyewe, kwamba yule mama alilala njaa kwangu.

Nikaamua kumpikia mkate wa mayai.

Kabla ya ufundi niliwahi kuosha vyombo kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa. Mpishi wa pale, mtu mnene asiye na haraka, alinifundisha chakula kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichompa uvivu kukitengeneza mwenyewe. Unapiga mayai na maziwa, sukari kidogo, chumvi ya kuonja, na mdalasini ulioutwanga mwenyewe, si ule wa pakiti uliokwisha kupoteza harufu. Unachovya slesi za mkate, pande zote mbili, unakaanga kwa moto mdogo mpaka rangi ya udongo wa kichuguu. Unakuwa laini ndani, mtamu, unashikwa kwa vidole. Haudai ugali, haudai mboga, haudai kutafuna sana. Kwa mtu anayekula kwa wizi, niliona hakuna kinachoufaa wizi wake zaidi ya huo.

Ijumaa alfajiri, mama akiwa chumbani anamwogesha mtoto, niliingia jikoni na mkate ambao duka lilikuwa limeupokea muda huo huo. Kosa langu la kwanza. Mkate mpya ukiingia kwenye maziwa hauna mwenyewe, unalegea wote. Nilipougeuza ukakatika vipande vinne, na nilipojaribu kuviunganisha vikawa saba. Mke wangu alitazama sahani akasema unanukia vizuri ila unaonekana umekanyagwa. Nikaula mwenyewe, nimesimama, huku nikimkumbuka mpishi na maneno yake: mkate wa jana ndio mkate.

Jumamosi nikaja na mkate wa jana. Kila kitu kilikuwa tayari, mdalasini umetwangwa, kikaango kimepata moto, ndipo nikagundua mafuta yamekwisha. Nilitazama rafuni. Samli ya mama ilikuwa pale, samli ya mzazi, imeletwa kwa ajili ya mwanawe na si ya mtu mwingine. Nikatazama mlango. Nikachota kijiko kimoja. Basi, viwili.

Harufu iliyotoka hapo sitaisahau. Ile nyumba ya wageni ilikuwa ikitumia siagi ya kopo, na wageni walisifu, lakini walikuwa hawajui kitu. Samli ya ng'ombe wa Usukumani ilipokutana na mdalasini hata jirani alikohoa kwa makusudi upande wa pili wa ua. Nilipanga vipande vinne kwenye sahani, nikavifunika kwa kawa, nikamwachia mke wangu. Tukakubaliana aseme vimenunuliwa kwa mama mwenye mgahawa barabarani, kwa sababu chakula kilichopikwa na mkwe kwa mikono yake kingekuwa balaa jipya.

Kisha nikatoka mbio barazani, nikakaa, nikaanza kushona.

Nilikuwa na sketi ya shule. Mshono wa pembeni uliisha mapema mno. Nikaona nikisimama kukata uzi nimeharibu. Nikauchomoa uzi sindanoni, nikaivuta sketi pembeni, nikaendelea kukanyaga. Mashine ikalia vizuri kabisa, haishoni kitu. Mwenye sketi akatokea wakati huo huo, akainama kutazama.

"Fundi, shikamoo. Mbona sioni kitambaa?"

"Marahaba. Naipasha moto."

"Cherehani nayo inapashwa moto?"

"Hii ya kwangu, ndiyo. Rudi saa nne."

Nilikanyaga mpaka magoti yakaniuma. Hatimaye pazia likasogea, mke wangu akatoa sahani dirishani. Ilikuwa tupu. Mafuta tu yalibaki yaking'aa, na chembe za mdalasini pembeni. Nilifurahi mpaka nikataka kumwita yule mwenye sketi arudi nimshonee bure.

Jumamosi ile hakuna aliyetaja magari ya Kisesa.

Tangu hapo ikawa ndiyo asubuhi yangu. Napika, natoka, nashona hewa. Mama akapata nguvu, akaanza kuimba akifua, na mchana naye akala, kwa sababu sikuthubutu tena kuinyamazisha mashine saa za chakula. Majirani wakasema fundi amepata kazi nyingi tangu awe baba. Sikuwakatalia.

Wiki ya pili, nikiwa barazani, nilimsikia akizungumza na mtoto. Na mimi hakuwahi kuzungumza moja kwa moja. Lolote alilotaka nisikie alimwambia mjukuu wake, aliyemwita mke mwenza kwa utani wa bibi.

"Mke mwenzangu," akasema, sauti imepanda kidogo, "huyo mama wa mgahawani ni mwizi. Kila asubuhi samli yetu inapungua vijiko viwili, na mlangoni simwoni akipita."

Nikakanyaga mashine kwa nguvu zote. Ndani mke wangu alikuwa anacheka na kulalamika kwa pamoja. Nilijua yamekwisha, kesho ni chai ya rangi. Lakini kulipokucha niliikuta ile chupa ya samli imeshushwa kutoka rafuni, imewekwa kando ya kikaango, kifuniko kimelegezwa, na kijiko juu yake. Kijiko kikubwa.

Nilipika, nikatoka, nikashona hewa, maana kujua ni kitu kimoja na kusikiwa ukitafuna ni kingine.

Siku chache kabla wiki sita hazijatimia, mke wangu akiwa amekwisha kuanza kutembea bila kushika ukuta, mkanda wa mashine ulikatika. Ulikatika katikati ya kazi, wakati sahani ikiwa imeingia ndani muda mfupi tu. Gurudumu likazunguka kidogo, likasimama. Baraza likawa kimya. Nilibaki nimekaa, mkanda mkononi, nimelipa dirisha mgongo, nikiisubiri ile sauti ya sahani kwenda chini ya kiti. Niliumia kweli. Nilikuwa nimepika vizuri kuliko siku zote, na nilijua asubuhi kama hizo zimebaki chache.

Sahani haikwenda chini. Nilisikia kikombe kikiinuliwa na kurudishwa. Kisha nikasikia, waziwazi, kupitia pazia lile la maua nililolishona mwenyewe, mama mkwe wangu akitafuna.

"Mke mwenzangu," akasema mdomo ukiwa umejaa, "mwambie baba yako apumzishe miguu. Bibi yako bado anakula."

Sikugeuka. Niliuweka mkanda chini, nikamsikiliza mpaka alipomaliza.