Bassou na Njia ya Kuzunguka

Bassou hajawahi kuchoshwa na kumpanda ngamia, kwa sababu hampandi. Wanaopanda ni wageni. Kazi yake yeye ni kutembea mbele, kamba mkononi, mchanga ukimfika vifundoni, huku juu ya tandiko mtu aliyelala hotelini akilia, "Aa, mgongo wangu!" Ndivyo alivyozeeka mzee wa watu, akisikiliza migongo ya wenzake. Magoti yake hayakuwahi kuulizwa hali.

Kijijini kwao, pale matuta ya mchanga yanapoanzia, kila mwenye akili timamu anajua siri moja isiyosemwa mbele ya mgeni: kambi ya jangwani iko nyuma ya tuta. Si mbali. Ukipanda lile tuta kubwa kuanzia msikitini ukateremka upande wa pili, chai uliyoiacha jikoni bado itakuunguza ulimi. Lakini mgeni hakuvuka bahari aje kulala nyuma ya msikiti. Kwa hiyo misafara huzunguka. Hushika kusini, hupinda mashariki, hupotelea mabondeni ambako hata nguzo ya umeme haionekani. Jua likikaribia kuzama ndipo mahema meusi hujitokeza, na mgeni akatokwa na machozi kwa kufika mwisho wa dunia. Addi, mwenye kambi, aliwahi kumfukuza mtu kazi kwa kumpitisha mgeni njia ya mkato eti alikuwa anaharisha. "Bora angeharisha," Addi alisema. "Kinyesi kinafukiwa. Siri haifukiki."

Wiki ile Bassou alikuwa amepata mjukuu, wa kwanza. Mtoto alizaliwa kwa kina mama yake, kama desturi ilivyo kwa uzazi wa kwanza, na akika, yaani kumchinjia mtoto kondoo na kumpa jina, ikapangwa asubuhi ya siku ya saba hukohuko, nyumbani kwa Haji Sekkou, baba wa mkamwana. Baba wa mtoto, Ichou, alikuwa Uhispania akichuma nyanya za watu. Babu wa upande wa baba ndiye aliyetakiwa kushika kisu, na anayeshika kisu ndiye anayelitamka jina juu ya kondoo. Likishatamkwa juu ya damu, limekwisha. Hata kadhi halifuti. Babu huyo asipokuwapo, basi babu mwingine anashika.

Na babu mwingine alikuwa na hamu. Haji Sekkou anakodisha pikipiki za magurudumu manne, zile zinazopanda matuta zikinguruma kama tumbo lenye njaa. Tangu aziagize, yeye na Bassou husalimiana kwa sababu ya dini tu. Jina alikuwa nalo tayari: Rayan. Alilisikia kwenye televisheni.

"Rayan ni nani?" Bassou alimuuliza mkewe, Itto. "Ni nani wetu aliyeitwa Rayan? Kaburi lake liko wapi?"

Yeye alitaka Hammou, jina la baba yake, ambalo tangu mzee afe halijaitwa ndani ya nyumba yao. Alitaka kumpa mwanawe jina hilohilo zamani, lakini asubuhi ya akika alikuwa jangwani na Wafaransa. Aliporudi mtoto alikwisha kuwa Ichou, kwa amri ya mama mkwe, na nyama ilikwisha kuliwa. Safari hii aliapa kutotoka nyumbani.

Mchana wa siku ya sita Addi akaja.

"Ami Bassou, nina Waholanzi wawili. Mke na mume."

"Nina akika kesho."

"Wamekutaka wewe. Wameona picha yako. Wanataka mzee mwenye mikunjo."

"Mikunjo nimeipata kwako. Mchukue mwingine."

"Sina mwenye mikunjo kama yako. Ukikataa, nitampa Haji Sekkou awapeleke kwa pikipiki. Atafurahi."

Addi si mjinga. Anajua pa kumbana mtu. Bassou alivaa ile kanzu ya buluu ambayo baba yake hakuwahi kuivaa wala kuiona, ya watu wa jangwa lingine kabisa, akazungusha kilemba chenye urefu wa aibu yote ya kijiji, akatoka. Langoni mwa kijiji alimkuta Haji Sekkou akipangusa taa ya pikipiki.

"Mkwe, safari njema," Haji alisema. "Lakini kesho jua likipiga kizingiti changu, nakata. Simsubiri mtu wa ngamia."

"Litanikuta nimesimama hapo."

"Kwa magoti hayo? Litakukuta umelala."

Msafara ulizunguka kama kawaida. Ngamia watatu: mmoja wa mwanamke, Marijke, mmoja wa mumewe, Joost, wa tatu wa maji na mizigo. Ngamia wa mbele hana jina la kudumu. Kwa Wahispania huitwa Paco, kwa Waitalia Beppe. Siku ile alibatizwa Willem na hakuonyesha kujali. Bassou alitembea akihesabu si matuta, bali mambo ya kufanya alfajiri: kuwaamsha, kuwaonyesha jua, kuwapandisha, kurudi. Wakitoka mapema, hata kwa kuzunguka, angewahi kizingiti. Wakichelewa kidogo tu, Rayan.

"Bassou," Marijke aliita kwa Kifaransa chake cha shule, "wewe una utulivu mkubwa. Siri yako ni nini?"

"Nimechoka, mama."

Mwanamke alimgeukia mumewe. "Anasema ameachana na dunia."

Kambini walipokewa na Zaid, mpishi, mtu mnene anayeletewa kuku na gari linalopita upande wa pili wageni wakiwa bado wanazunguka. Walikula, wakanywa chai mara tatu, kisha ukaja ule wakati ambao Bassou huuchukia kuliko yote: ngoma.

"Shika ngoma, ami," Zaid alimnong'oneza.

"Mikono imekufa."

"Basi piga na maiti yake. Wameilipia."

Akapiga. Akaimba wimbo wa harusi, wenye maneno ambayo yangemfanya Marijke ashike masikio kama angeyaelewa, na Marijke akafumba macho akisema anausikia uchungu wa jangwa. Uchungu ulikuwepo. Ulikuwa kwenye kiuno.

Wageni walipoingia kulala, Bassou alijikokota kwa ngamia. Kazi ya pale inajulikana: unatoa matandiko, unatenganisha ngamia, unakunja mguu wa mbele wa kila mmoja na kulifunga goti, asitembee. Lakini aliona hapo ndipo pa kuiba muda. Akawaacha na matandiko yao, wakiwa bado wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine, ili alfajiri iwe kupanda na kuondoka tu. Angemfunga goti Willem peke yake. Wa mbele akilala, wa nyuma wataenda wapi?

Aliketi mchangani, akakunja mguu wa mnyama, akaizungusha kamba mara moja. Mchanga ulikuwa bado na joto la mchana, kama godoro lililotoka kulaliwa na mtu. Mzunguko wa pili hakuuona.

Aliamshwa na baridi. Kulikuwa kumepambazuka. Kamba alikuwa nayo mkononi, ameishika vizuri kabisa, na ndani ya kamba hapakuwa na goti.

Zaid alikuja na birika akaangalia ile kamba. "Ulikuwa unafunga nini usiku kucha, ami?"

"Upepo."

"Na simu yako?"

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa tandiko. Hata hivyo bondeni pale mtandao haushiki. Addi alilichagua bonde hilo kwa sababu hiyo, kwa kuwa ukimya nao unalipiwa. Nyayo za ngamia zilikuwa wazi. Walikwenda zao nyumbani, mmoja nyuma ya mwenzake, wakifuata ile njia ndefu, mzunguko wote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafundisha nyingine.

Joost alipoambiwa ngamia wametoroka, alikaa chini akaanza kujirekodi kwa simu, akiwaaga watoto wake wakubwa waliokuwa Utrecht. Marijke alimuuliza Bassou kwa sauti ndogo, "Tutakufa?"

Bassou aliwatazama. Kuwapeleka kwa miguu kwa njia ya kuzunguka, na yule bwana mwenye viatu vya wazi, kungechukua asubuhi nzima. Kuwapitisha juu ya tuta kungekuwa mwisho wa kazi yake. Angewaacha na Zaid, lakini hapo napo kuna neno: mgeni uliyemleta wewe, unamrudisha wewe, hata kama ni mgeni wa kulipia. Jua lilikuwa limeshachomoza. Huko kijijini mwanga wake ulikuwa unateremka ukutani kwa Haji, tofali kwa tofali.

"Hamfi," alisema. "Nifuateni juu."

"Ami!" Zaid alishtuka. "Juu? Addi atakuchinja wewe badala ya kondoo."

"Atanikuta nimeshakufa kwa kupanda."

Tuta lile hupandwa hatua mbili na kuteleza moja. Magoti yalimwaka. Alipanda kwa mikono pia, kanzu ya buluu ikimfunga miguu, kilemba kikifumuka na kuburuta nyuma kama utumbo. Mara mbili Marijke alimpita, akarudi kumvuta. Walipofika kileleni Bassou alilala kifudifudi. Kwa hiyo hakuuona uso wa Marijke alipokitazama kijiji pale chini: msikiti, dishi za televisheni, nguo kwenye kamba, kuku.

"Ni kijiji kilekile?" aliuliza.

"Ndicho."

"Tulikotoka jana? Jana nilikaa juu ya ngamia mpaka makalio yakachubuka!"

"Jana kilikuwa mbali, mama."

Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekoswa na kifo na kuibiwa siku hiyohiyo, na mumewe akauliza kama fedha zitarudishwa.

"Zile ni mbio za pikipiki?" Joost aliuliza baadaye, akionyesha kusini. Vumbi lilikuwa likikimbia kufuata ukingo wa matuta, pikipiki nyuma ya pikipiki, watu wawili wawili.

Bassou aliinua kichwa akaelewa. Ngamia wamefika kijijini bila mtu. Huko kwao ngamia akirudi na tandiko tupu, kila kitu husimama: harusi, mazishi, ugomvi. Kila mwanamume hutoka kutafuta. Nao walikuwa wakizifuata nyayo, mzunguko wote, kumtafuta aliyekuwa kileleni nyuma yao. Alipiga kelele. Ilitoka sauti ya mbuzi. Wakateremka.

Nyumbani kwa Haji Sekkou hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Walikuwapo wanawake, kondoo kwenye kigingi, na kisu juu ya sinia. Itto alimrukia mumewe akampiga kwa kilemba chake mwenyewe.

"Umekufa au hujafa?"

"Sijajua bado."

"Simu yako inalia ndani ya mfuko wa ngamia, tunadhani ni wewe, kumbe ni mimi nakupigia!" Akampiga tena, akalia, kisha akaona wageni na kuwatengea chai.

Jua lilikuwa vidole vichache juu ya kizingiti. Wanawake wakamzunguka. "Kata sasa," alisema shangazi mmoja. "Haji hayupo. Sema Hammou, tumalize." Na mwingine akakishika kile kisu akakitia mkononi mwake. Kilikuwa chepesi. Pumzi moja tu, na jina la baba yake lingekuwa na miguu tena.

Hapo akatoka Tuda, mkamwana, na mtoto kifuani.

"Ami, ukate ukipenda," alisema. "Lakini ujue. Baba hakulingoja jua, alikuwa ameshamlaza kondoo. Alikuwa amesema bismillahi. Ngamia wakaingia langoni. Alikuwa amebakiza neno moja, ami, ni hilo jina tu. Akakiacha kisu chini, akatoka bila viatu."

Bassou alitazama mlangoni. Viatu vya Haji vilikuwa pale, ncha zikielekea ndani.

Alikirudisha kisu kwenye sinia. Alikaa mkekani akiegemea ukuta, akaliangalia jua likifika kizingitini na kukipita, kama mgeni asiyejua adabu. Shangazi alimwita mpumbavu. Alikubali kwa kichwa, na kichwa hakikurudi juu.

Aliyemwamsha alikuwa mguu, mtupu, umeiva kwa mchanga, ukimsukuma ubavuni.

"Amka, marehemu."

Haji Sekkou alikuwa na mchanga hadi kwenye kope. Nyuma yake walisimama wanaume wa kijiji, na Addi, aliyewaona wageni wake wakila mkate ukutani na kuelewa kila kitu.

"Umewapitisha juu?" Addi aliuliza.

"Juu."

"Basi kesho usije."

Bassou alilipokea hilo kama mtu aliyeambiwa akapumzike.

"Addi," Haji alisema bila kugeuka, "hapa ni kwangu na hii ni akika. Maneno ya kazi kayaseme kwenye matuta." Kisha kwa Bassou: "Umekata?"

"Sijakata."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakungoja."

Haji alitema mchanga pembeni. "Nimelizunguka lile tuta lote nikitafuta maiti yako. Mkwe, ile njia ni ndefu!"

"Ni ndefu."

"Na unaitembea kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Mpumbavu." Alikiokota kisu, akakifuta kwa kanzu yake ya sherehe, akampa kwa upande wa mpini. "Sema upesi, kabla sijaacha kukuhurumia. Na usiseme Hammou."

Wanaume walimlaza kondoo, kichwa kibla. Bassou alisimama, akayumba. Magoti yalikataa katakata. Haji Sekkou alipita nyuma yake, akamshika mshipi kwa mikono miwili kama mtu anayezuia gunia lisidondoke garini, na hivyo, mmoja amemwinamia mwenzake, wakashuka pamoja hadi shingoni mwa kondoo.

"Bismillahi, Allahu akbar. Kwa ajili ya Hammou, mwana wa Ichou."

Vigelegele vikapaa.

"Nilijua," alisema Haji Sekkou kisogoni mwake, na mshipi hakuuachia.