Vitamini Zilizoniozesha Mke wa Pili

Nitawasimulia, lakini mkitaka kucheka chekeni hapa hapa mbele yangu, maana Garissa nzima imeshacheka nyuma ya mgongo wangu na sina tena cha kuficha. Aibu hii niliinunua mwenyewe, nikaifunga kwenye mfuko wa karatasi na kuipeleka nyumbani.

Mimi ni dalali wa ng'ombe pale soko la mifugo, na kwa miaka mingi jina langu lilikuwa Dekow Buuran, yaani Dekow Mnene. (Kwetu sisi Wasomali mtu huitwa kwa alivyo, ukichechemea utaitwa kwa mguu wako, ukiwa na masikio makubwa utaitwa kwa hayo masikio, na ukikasirika utaongezewa jina lingine.) Unene wangu ulikuwa heshima sokoni, lakini sukari ilipanda, magoti yakakataa kuinama kwenye swala, na daktari mmoja Nairobi akaniambia kuna upasuaji wa kupunguza tumbo, unakatwa, unabaki na kijimfuko chembamba kama ndizi, unakula kidogo, unapungua. Nikakubali. Nikakatwa.

Tatizo ni kwamba sikumwambia mtu. Sasa fikirieni nyinyi wenyewe, mtu wa kwetu aliyeona ukame, aliyeona ngamia wakilala wasiinuke, utamwambiaje kwamba umepanda gari hadi Nairobi kwa hiari yako ukaomba watu wakukate ili usiweze kula? Kwa hiyo nikasema ni mawe kwenye nyongo. Hata mke wangu Fardowsa, mama wa watoto wangu sita, nilimwambia mawe, na alipotaka tuende pamoja nikamwambia abaki na nyumba. Mawe! Na hadi leo sijui hiyo nyongo yenyewe iko upande gani.

Nilirudi na masharti. Kula matonge machache na polepole, tembea kila baada ya chakula cha jioni, na meza vitamini kila siku hadi siku utakayozikwa, kwa sababu tumbo dogo halitoi tena kila kitu kwenye chakula. Muuguzi aliandika zile zinazonifaa kwenye karatasi, akaongeza namba yake ya simu na kuniambia, "Ukikwama, piga. Usijichagulie." Karatasi hiyo niliificha vizuri sana, mahali ambapo hata mimi sijawahi kuiona tena. Namba bahati nzuri ilikuwa kwenye simu, nimeihifadhi kwa jina la fundi wa gari.

Chupa niliyotoka nayo hospitali ikaisha. Nikakaa wiki, wiki ya pili, nikajiambia maziwa ya ngamia yanatosha. Hayakutosha. Nywele zikaanza kubaki kwenye mto, miguu ikafa ganzi, nikiinuka naona nyota mchana. Hapo ningempigia muuguzi, si ndiyo? Sikumpigia, niliona aibu kumwambia nimepoteza karatasi. Nikaamua kujichagulia, mimi ninayejua kuchagua fahali kwa kumtazama kwato tu, vitamini zitanishinda?

Nikalikwepa duka la dawa la mtaani kwetu Waberi ambako wananijua, nikaenda la mbali, karibu na soko. Muuzaji alikuwa msichana wa Meru, mpole, akanipangia kila kitu kwenye kaunta. Chupa ya kwanza ilikuwa ya watoto, ya kutafuna, ina picha ya dubu anayecheka. Nikairudisha. Ya pili ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye kifua kama mlango, na ndani vidonge laini vya jeli.

"Hii jeli imetoka kwa mnyama gani?" nikauliza, maana mimi simgusi mnyama kabla sijajua alikotoka, isije ikawa nguruwe.

Akaigeuza chupa, akasoma pande zote. "Haijaandikwa, mzee."

"Basi rudisha."

Ikabaki pakiti moja ya vidonge vikavu, haina jeli, ina chuma, na kwenye picha mama mwenye tumbo kubwa amejishika kwa mikono miwili akitabasamu. "Hii ni nzuri," msichana akasema, "lakini ni ya mama mjamzito. Unamnunulia nani?"

Swali dogo tu. Ningesema ni yangu, nilifanyiwa upasuaji, naye pengine angenielekeza vizuri. Lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni na mtu akakohoa, na mimi, kwa sauti ya mwanamume asiye na siri duniani, nikasema, "Ni ya mke wangu. Nipe mbili."

Nikageuka. Aliyekohoa alikuwa Shukri, binamu wa Fardowsa.

Naomba mjue kwamba kitinda mimba wetu yuko chuo kikuu, na Fardowsa alishafunga kazi ya kuzaa miaka mingi iliyopita, jambo ambalo Shukri analijua kuliko daktari yeyote. Akaitazama pakiti, akanitazama mimi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mashallah, shemeji," akasema, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshatoka bila hata kununua dawa iliyomleta.

Kesho yake asubuhi sokoni, rafiki yangu Gedi alinipokea kwa Kiswahili chetu kisichojua p, makusudi kabisa, ili wanunuzi waliotoka bara nao wasikie. "Buuran! Nasikia wewe nafungua nyumba ya bili! Na mtoto iko njiani! Mashallah, ndiyo sababu nakonda!"

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko ule wa kwanza. Miezi minne tangu nikatwe watu walikuwa wakinong'ona kunihusu, huyu anaumwa, huyu amefilisika, tazama shingo yake. Siku hiyo wananitazama kama kijana. Wazee wananipa mkono. Badala ya kusema hapana, nikacheka tu na kuweka koti langu jipya sawa. (La zamani lilikuwa linanivaa badala ya mimi kulivaa.) Kwetu sisi ukicheka namna hiyo umeshakiri.

Nyumbani Fardowsa hakuniuliza neno. Aliweka chakula, nikala matonge yangu manne, akatoa sahani. Nikatoka kutembea kama nilivyoagizwa, nikajitia manukato kidogo kwa sababu ya jasho, na niliporudi nikamkuta amekaa vile vile nilivyomwacha. Nikajiambia amechoka. Wallahi mwanamume akitaka kutoona, haoni.

Ijumaa baada ya swala nikakuta viatu vimejaa mlangoni kwangu. Ndani alikuwepo Bare, kaka mkubwa wa Fardowsa, pamoja na ndugu zake wawili, naye Shukri na wanawake wengine wamekaa upande wao, na katikati Hooyo, mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Balambala na dumu la samli kwa ajili ya mkwe mpya asiyekuwepo. Mbuzi wake wa kuchinja alikuwa amefungwa uani. Hata yeye nilihisi ananitazama vibaya.

Bare akaanza kwa utaratibu. (Tulizungumza Kisomali, nawaletea kwa Kiswahili, utamu mwingine umemwagika njiani.) "Dekow, dini imekuruhusu na hakuna aliyekukataza. Lakini mtu hupita mlangoni, haruki ua. Umekonda, umenunua nguo mpya, kila jioni unatoka na manukato, hapa huli, na dawa za mjamzito umenunua mbele ya watu. Sisi tunauliza tu, mwenzetu ni binti wa nani?"

Jamani, kila ushahidi ulikuwa wa kweli! Hata mimi ningekuwa jaji ningejifunga.

Na nikiri jambo lingine, maana tumeshaanza kuvuana nguo. Kwa muda kidogo nilifikiria kukubali. Mke wa pili nitalaumiwa, nitatozwa ng'ombe wa kumtuliza mke mkubwa, mambo yataisha. Lakini nikisema nilijikatisha tumbo, hadithi itafika Takaba, mbali kule kaskazini, kabla ya alasiri na nitachekwa na wajukuu wa wajukuu. Ulimi ulikuwa umeshaanza kuinuka. Ndipo nikamwona Fardowsa kwenye mlango wa jikoni, ameshika ile pakiti yenye picha ya mama mjamzito (kumbe mfuko wa koti si mahali pa siri), na macho yake yamevimba. Nikaogopa. Niliogopa kumpoteza kuliko nilivyowahi kuogopa kisu cha daktari.

"Sina mke wa pili," nikasema.

Hakuna aliyeamini. Shukri aliguna hadi ukuta ukasikia.

"Basi kula," Bare akasema. Sinia lilikuwa limeshaletwa, wali na nyama ya ngamia, naye akakata kipande cha nundu kinachong'aa mafuta akakisukuma upande wangu. "Mwanamume asiye na jiko lingine hula kwa mkewe. Kula tuone."

Na mimi, badala ya kusema, nikala. Nilikula kama Buuran wa zamani, tonge juu ya tonge, nundu sikuitafuna hata sawasawa, nataka Fardowsa aone, nataka wote waone, na Hooyo anasema mashallah, mashallah, na kile kijimfuko changu kinapiga kelele ndani nami najifanya sisikii. Tonge la kumi halikupita. Nikaruka miguu ya shemeji zangu, nikakimbia mlangoni, na nyinyi mnakumbuka nimewaambia viatu vilikuwa vimejaa pale. Viatu vya Bare ndivyo vilivyokuwa mbele, vipya, vya ngozi.

Kila kitu kilirudi. Kila kitu, ndani ya viatu vya Bare.

Sauti ya Hooyo ikasikika wazi mpaka kwa majirani: "Subhanallah! Kumbe mwenye mimba ni huyu huyu!"

Shukri alianguka juu ya mto kwa kicheko. Wanawake wote wakaanguka. Mimi nikarudi katikati ya chumba, nikainua shati na kuwaonyesha makovu matano madogo tumboni, nikasema yote. Tumbo, ndizi, Nairobi, mawe ya uongo, vitamini.

"Uliwalipa watu wakupe njaa?" Hooyo akauliza polepole. "Njaa, Dekow? Tulikuwa nayo bure."

Hilo halikuniuma kama alilosema Fardowsa, akiwa bado amesimama mlangoni. "Miezi minne," akasema, "miezi minne nimekuwa nikirudi jikoni na sahani yako, nauonja mchuzi wangu mwenyewe, najiuliza nimeuharibu wapi." Akafuta uso kwa ushungi. Kicheko kikazima chote. Niliona haya kuliko nilipotapika mbele ya wageni, na nikamwomba msamaha hapo hapo, mbele ya kaka zake, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Akanyoosha mkono. "Nipe namba ya huyo muuguzi."

"Itafute kwa jina la fundi wa gari," nikamjibu, na akanitazama kwa jicho ambalo sitaki kulisimulia.

Akapiga, akaiweka simu kwenye sauti kubwa, familia nzima ikakaa darasani. Muuguzi akanigombeza kama mtoto. Za wajawazito peke yake hazinitoshi, nirudi kwa zile alizoziandika, atanitumia orodha upya, na zipo zisizo na jeli ya mnyama, ni kuuliza tu. "Tena chuma na kalsiamu usivimeze pamoja," akasema. "Vinazuiana. Kimoja asubuhi, kingine jioni."

"Kama wake wenza," Bare akasema, huku akivitazama viatu vyake kwa huzuni, na nyumba ikalipuka upya.

Basi ndivyo nilivyooa. Chupa mbili sasa zinakaa mezani kando ya mkebe wa sukari, kila mgeni anaziona, na Fardowsa amezipa zamu: chuma ni mke wa asubuhi, kalsiamu ni mke wa jioni. Nikisahau ananiita mbele ya watu kwa jina la mtoto wetu, "Baba Ifrah, mke mdogo analalamika." Hooyo aliiacha samli lakini mbuzi akarudi naye Balambala, akasema chupa haichinjiwi mbuzi. Na mimi nimeapa, nikisimama tena kwenye kaunta ya dawa, hata foleni iwe ni Garissa nzima, nitasema ni yangu.

Chakula Fardowsa ananipakulia kwenye kisahani cha kikombe, matonge manne, matano. Nakula polepole mpaka kiishe, halafu nakiinua aone kilivyo cheupe. Naye kila mara anakichukua, anakigeuza kwenye mwanga kama anayekagua, na kusema, "Mchuzi ulikuwa mzuri, basi."

Nami najibu ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri siku zote.