Gari la marehemu baba liligoma kuwaka kila mama mkwe akipanda, nikaamua kumchunguza

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, mtu wa kulike na kupita. Leo nimeamua kuandika. Mficha uchi hazai, kwa hiyo naanika yote, hata pale yanaponiaibisha. Atakayesema hii ni chai aje Buhongwa, Mwanza, nimwonyeshe kiti kilichoungua.

Mods, naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la magari. Gari lipo, ila kesi yenyewe siyo ya gari.

Nianze na gari hata hivyo.

Marehemu baba aliniachia ile ya mgongo wa chura, milango miwili, injini nyuma. Linanizidi umri. Nikikatiza stendi ya Buzuruga watu wanatoa simu wanapiga picha, na mimi najifanya sioni kumbe nimepunguza mwendo makusudi.

Mimi kazi yangu ni mtunza stoo. Stoo inakufundisha kwamba kitu hakipotei chenyewe, kuna mtu kakichukua. Na mimi hiyo akili nimeihamishia mpaka nyumbani. Mke wangu, mama Kulwa, huwa anasema nikiona mvua nauliza nani kaileta.

Sasa.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kukaa kwetu akitokea Sengerema. Alikutwa na presha ya macho. Kwa wasioijua, hii kitu inakula uwezo wa kuona taratibu, na daktari alituambia bila kuzunguka: kilichopotea hakirudi, dawa na kliniki ni za kulinda kilichobaki. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaanza kwenda. Kwa hiyo matone kila siku, kliniki kila mwezi bila kukosa, hospitali iko mjini, na mwenye gari ni mimi.

Jambo moja mlielewe. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Unamwamkia shikamoo kwa mbali, mkono hampeani, na maneno mengi yanapita kwa mke. Huyu mama ni wa zamani hasa. Kwenye gari alikuwa anajipenyeza kiti cha nyuma, tena nyuma yangu kabisa, kusudi tusitazamane hata kwenye kioo. Mama Kulwa anakaa mbele na mimi. Watoto wako bweni, kwa hiyo hicho kiti cha nyuma kikawa cha mama peke yake.

Safari ya kwanza tulikwenda vizuri, maana nyumbani huwa naliwasha kwanza ndipo wapande. Wakati wa kurudi tumeshapanda wote, nazungusha ufunguo: tik. Nazungusha tena: tik. Taa za dashibodi zinafifia. Watu wakaja kusukuma, mama akashuka kupunguza uzito. Kabla hawajagusa gari nikajaribu mara ya mwisho.

Likawaka palepale.

Nikasema bahati. Safari ya pili, hivyo hivyo. Jumapili tukampeleka kanisani, wakati wa kutoka hivyo hivyo. Mama akiwa ndani, tik. Mama akishuka, linawaka utadhani jipya.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa fundi. Fundi wangu anaitwa Nkwabi, mtu mzima, alilitengeneza gari hili tangu enzi za baba. Alikuja, akajaribu, likawaka. Akafungua self, ile mota ya kuwashia injini, akaisafisha, akaangalia swichi ya ufunguo, akafuata waya mmoja mmoja. Akaniambia, "Bosi, gari rako zima hiri. Nionyeshe betri nimarize."

Nikakataa. Betri nilikuwa nimenunua mwenyewe, mpya, kubwa kuliko ile ya zamani, wiki chache kabla mama hajaja. Niliiweka kwa mkono wangu chini ya kiti cha nyuma, ndipo inapokaa kwenye gari hizi. Nikajiambia huyu mzee anataka kunibadilishia betri aniachie mkweche. Nikamwambia betri ni mpya, usiiguse.

Akanitazama, akafunga zana zake, akaondoka bila kuaga. Hapo nikazidi kumshuku.

Nikanunua daftari. Kila siku naandika nimekwenda wapi, nimebeba nani, gari limewaka au limegoma. Nikiliendesha peke yangu kwenda kazini, safi. Nikiwa na mama Kulwa, safi. Lilipogoma mara ya tano nikakaa na daftari mezani, nikaona jina ni moja tu.

Wakuu, mtu akishaanza kushuku, kila kitu kinakuwa ushahidi.

Nikaanza kuona kwamba kabla ya kupanda anatembeza midomo. Kwamba anakuja na kitenge kilichokunjwa mara nne, anakitandika kwenye kiti, anakikalia, akishuka anakichukua, hakisahau hata siku moja. Siku moja kilianikwa kwenye kamba nikakisogelea. Kilikuwa na doa la kahawia katikati. Nikarudi ndani haraka kabla hajaniona.

Halafu macho yake. Yale matone yalikuwa yanayafanya mekundu. Nilijua ni matone, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nayanunua. Lakini nilijua na kutojua kwa pamoja, sijui kama mnanielewa.

Jioni moja nikamfuata mke wangu jikoni. Nikamuuliza, "Mama yako ana nini na gari la baba yangu?"

Akaacha kusonga ugali. "Sema unachotaka kusema, baba Kulwa."

"Nasema gari linamkataa."

"Malizia."

Sikumalizia. Akamalizia yeye, kwa sauti ya chini ili mama asisikie chumbani. "Hapa kwetu vikongwe wameuawa kwa neno hilo. Kwa sababu ya macho mekundu tu. Na wewe unalileta ndani ya nyumba yangu, kwa mama yangu, kwa sababu ya gari?"

Nikamwambia mimi sijataja neno lolote. Akarudi kwenye ugali wake. Kuanzia siku hiyo tukawa tunaongea mambo ya chumvi na maji tu.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Kliniki iliyofuata nikasema gari liko gereji. Halikuwa gereji, nililiacha kazini nikarudi kwa miguu. Mama Kulwa alikuwa na semina, mama peke yake njia haijui vizuri, kliniki ikapita. Mwezi uliofuata nikasema nina zamu ya dharura. Ikapita tena. Siku tatu baadaye mama akafunga mizigo, akasema shamba linamwita, akarudi Sengerema. Mimi nikambebea begi mpaka barabarani kwa adabu zote.

Na gari likapona! Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, halijagoma hata mara moja. Nilikuwa nafungua lile daftari nalitazama peke yangu. Niwe mkweli, nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Sasa Jumamosi moja nikaenda Buzuruga kuchukua gunia la mchele tuliloletewa na ndugu. Mpagazi akalisukumia kiti cha nyuma, upande wa nyuma yangu. Nikapanda, nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikabaki nimeshika ufunguo. Nikajaribu tena. Tik. Taa zinafifia vilevile. Nikageuka nikalitazama lile gunia. Wakuu, gunia la mchele halina uchawi.

Ndipo nikasikia harufu, kama ya nywele zilizoungua. Moshi mwembamba ukaanza kutoka chini ya kiti. Nikaruka nje, nikamwita mpagazi, tukalivuta gunia, nikang'oa kiti kwa mikono. Sehemu ya chini ilikuwa nyeusi kwa upana wa sahani. Springi za kiti zilikuwa zinagusa vichwa vya betri, zimeng'aa pale zinapogusa. Na zilikuwa zimegusa siku nyingi, maana zile nyuzi za ndani ya kiti zilikuwa zimeshakuwa majivu.

Nyani haoni kundule. Ile betri kubwa niliyonunua ilikuwa ndefu mno kwa gari lile. Kifuniko chake cha plastiki kilikataa kuenea nikakitupa. Mtu akikaa, springi zinashuka zinagusa, umeme unavuja kupitia kwenye kiti, self inakosa nguvu. Akishuka, zinaachia, gari linawaka. Nkwabi angenyanyua kile kiti mara moja tu angeona.

Nilikaa chini pale pale stendi. Nilichokuwa nawaza ni kile kitenge. Yule mama alikuwa anakalia moto kwenye gari langu, anaweka kitambaa ili asiungue, na hakusema kwa sababu mama mkwe halalamikii gari la mkwewe.

Nikarudi nyumbani nikamwonyesha mama Kulwa kiti. Akapitisha kidole pale peusi. Akasema, "Utakwenda Sengerema." Nikasema nitakwenda.

Nkwabi nilimfuata kwanza, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akatafuta betri ya kimo chake na kifuniko, akafunga, hakuniambia neno zaidi ya "haya, nenda."

Kumwomba radhi mama mkwe siyo unaingia tu unasema. Nikampigia mjomba wa mke wangu, kaka yake mama, awe katikati yetu. Sikumweleza kosa lenyewe, nilisema tu nina neno zito la kuomba msamaha. Siku tatu nilikuwa napanga maneno kichwani. Tukavuka na kivuko, mama Kulwa pembeni yangu.

Tukakaa sebuleni. Mimi karibu na mlango, mama ng'ambo, ameketi ubavu kama kawaida yake, mjomba katikati. Mjomba akakohoa ili aanze.

Mama akamkatiza. "Kaka, subiri. Kabla huyu mtoto hajasema, mimi ndiye mwenye kosa."

Nikadhani sijasikia vizuri.

Akaendelea, anaongea na mjomba lakini maneno ni yangu. "Lile gari lilikuwa likinigomea, nikishuka tu linawaka. Na kiti kinaniunguza. Nikajisemea, mkwe wangu ana mahali anabonyeza. Amenichoka, ila kwa adabu hawezi kunifukuza, ndiyo maana ananionyesha hivi. Siku aliposema gari liko gereji nikajua ni kweli. Nikaondoka kabla sijaambiwa. Juzi binti yangu kanipigia, kumbe ni betri. Nimemshuku mtoto wa watu bure. Mwambie anisamehe."

Mjomba akanigeukia. "Umesikia mwenyewe. Unasemaje?"

Mke wangu hakuwa amemwambia nilichomshuku. Miezi yote ile, lile neno la jikoni alikuwa amelimeza ili mama yake asije akalijua. Nilimtazama, naye ananitazama, anasubiri. Maneno yangu ya siku tatu yalikuwa yote mdomoni.

Nikasema, "Yameisha, mama. Nimekusamehe."

Mama Kulwa akasimama akatoka nje.

Mama akafurahi mno. Akafanya jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nioe, aliinuka akaja kunipa mkono. Ila mkono ukapita pembeni ya wangu, upande wa kushoto, ukawa unatafuta hewani. Ikabidi niufuate niushike.

Tumerudi naye Mwanza. Kliniki anakwenda. Daktari ametuambia jicho la kushoto ndiyo basi, tulinde la kulia, na akauliza kwa nini zile kliniki mbili hakuja. Mama akawahi kujibu kwamba alikuwa na shughuli za shamba.

Nilichojifunza ni vitu viwili. Wenye magari haya ya zamani, betri iwe ya kimo chake na kifuniko msitupe, mnaweza kumchoma mtu. Na la pili, lile daftari langu halikuwa na uongo hata mstari mmoja. Lilisema mama akikaa gari linagoma, na ilikuwa kweli. Mimi badala ya kuuliza amekalia nini, nikauliza yeye ni nani.

Wakuu, hasa mnaoishi na wakwe, nipeni mawazo. Mama Kulwa anasema nimwambie mama yake ukweli wote, kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla ya kliniki ijayo, la sivyo yeye hatapanda tena gari hili na mimi. Naomba tu msinishauri ninyamaze, hilo nimeshaliweza.

Kliniki ni Alhamisi.